Namba za kusomwa kwa utafiti wako wa mto: jinsi ya kuzikusanya na kuzisoma hatua kwa hatua

Umechapisha utafiti wako wa haidroliki ya mto. Umepima sehemu mtambuka (umbo la mto ukiukata kutoka ukingo hadi ukingo) moja baada ya nyingine, umekesha na modeli inayokataa kutulia, wahakiki wamekurudishia kazi mara mbili, mwishowe makala imetoka na ukurasa wake umeanza kuonyesha namba, waliotazama wangapi, waliopakua wangapi, pembeni kuna kaduara ka rangi rangi kenye namba katikati. Halafu anakuja mfadhili au mkuu wa kitengo na swali moja tu, imesomwa na watu wangapi?

Hilo swali ni gumu kuliko linavyosikika, na wengi wanalijibu kwa kuchukua namba kubwa kuliko zote kwenye ukurasa na kuibandika kwenye ripoti. Wewe usifanye hivyo. Ni mtu wa mito, unajua vizuri kwamba ukisoma ule ubao wa kina ukingoni ukakuta mita 2.4 hujapima mtiririko, umepima kina tu, mtiririko unaupata ukishakuwa na mchoro wa kubadilisha kina kuwa mita za ujazo kwa sekunde, na huo mchoro ni wa kituo hichohicho, ukiupeleka kituo kingine unadanganya, na mafuriko yakishahamisha mchanga wa sakafu ya mto hata mchoro wenyewe haufai tena mpaka upime upya. Namba za mtandaoni ziko hivyohivyo. Kila moja imesomwa kwenye ubao wake, una sifuri yake na kasoro zake, na kazi yako ni kujua ubao upi unapima nini kabla hujasema lolote kuhusu wasomaji.

Hatua ya 1: Andika swali kwanza

Kabla hujafungua ukurasa wowote andika unataka kujua nini. Watu wangapi wamefika? Ni akina nani? Kuna aliyeutumia? Hayo ni maswali matatu na kila moja lina namba zake. Kwa utafiti wa mto mimi uzito nauweka kwenye la tatu, kwa sababu kazi ya namna hii inafanywa ili mtu fulani mahali fulani asanifu daraja lenye nafasi ya kutosha maji kupita, ainue tuta kwa kiasi sahihi, au awaambie watu wahame kabla maji hayajafika. Kama watu elfu wametazama kichwa cha habari na wakaondoka, na mmoja amechukua data zako akaziweka kwenye modeli yake ya mafuriko, huyo mmoja lazima aonekane kwenye ripoti yako. Namba za jumla zinamfunika kabisa.

Hatua ya 2: Orodhesha vipande vyote vya utafiti

Siku hizi utafiti mmoja unatoka vipande vipande. Kuna toleo la awali ambalo labda uliliweka EarthArXiv, hifadhi ya matoleo ya awali ya sayansi za dunia, kuna makala yenyewe kwenye jarida, kuna data za sehemu mtambuka na vipimo vya kasi ambazo umeziweka Zenodo au Figshare, hifadhi za data za mtandaoni, kuna mafaili ya modeli, pengine kuna tasnifu ya mwanafunzi humohumo, na kuna ripoti ya PDF iliyokaa kwenye tovuti ya taasisi. Kila kipande kina DOI yake (kitambulisho cha kudumu cha chapisho mtandaoni) au hakina kabisa, na kila kimoja kinahesabiwa peke yake. Mtu aliyesoma toleo la awali haonekani kwenye namba za jarida, aliyesoma makala akaenda kupakua data anaonekana mara mbili.

Fungua jedwali, Excel au chochote, kila kipande mstari wake: jina, DOI, tarehe kilipotoka, kipo wapi, namba zake zinasomwa ukurasa gani. Dakika 20 tu. Ukiiruka hatua hii, huko mbele utakuwa unajumlisha vitu vilivyokwisha jumlishwa.

Ukiwa hapo angalia pia kama toleo la awali limeunganishwa na makala ya mwisho kwenye taarifa za Crossref, shirika linalosajili DOI, na kama vyote viko kwenye akaunti yako ya ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti, kwa sababu majina yetu yanaandikwa kila namna na kunukuliwa kwako kunaweza kuwa kumegawanyika kwa watu wawili ambao wote ni wewe.

Jambo lingine, unaposhea kazi yako shea linki ya DOI. Wanaofuatilia kutajwa kwa makala wanategemea sana kitambulisho hicho, sasa ukituma linki ya faili la PDF iliyokaa sehemu nyingine, au ukaweka faili lenyewe kwenye grupu la WhatsApp, litasomwa, pengine na watu wazuri kabisa, ila hakuna ubao utakaolisoma. Sisemi usitume PDF kwenye magrupu. Mhandisi aliyeko saiti mwenye intaneti ya kusuasua anahitaji faili, sio linki inayomzungusha, mtumie. Cha kufanya ni kuhakikisha DOI imeandikwa wazi ukurasa wa kwanza wa hiyo PDF, ili akija kuitaja aitaje kwa kitambulisho sahihi.

Hatua ya 3: Tenganisha kutazama na kufungua makala kamili

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Kuna kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi ya machapisho mtandaoni kinaitwa COUNTER, wachapishaji wakubwa wengi wanakifuata. Toleo lake la 5 lilianza kutumika Januari 2019 na limegawa vitendo mafungu mawili. Fungu la kwanza linachukua kila mtu anapoigusa makala, hata akisoma ikisiri tu. Fungu la pili ni pale anapofungua au kupakua makala kamili. La kwanza siku zote ni kubwa zaidi au sawa na la pili, maana la pili liko ndani yake.

Halafu kila fungu lina jumla na lina hesabu ya kipekee. Mtu akifungua makala ileile mara tatu ndani ya kikao kimoja, jumla inapanda tatu, hesabu ya kipekee inapanda moja. Na akibonyeza linki mara mbili ndani ya sekunde 30 inahesabiwa mbonyezo mmoja. Pia wanaondoa roboti, zile programu zinazotambaa mtandaoni zenyewe, kwa orodha wanayoisasisha.

Kwahiyo ukiona namba kwenye ukurasa wa jarida jiulize: ni ya ikisiri au makala kamili, ni jumla au ya kipekee, na hilo jarida linafuata COUNTER au lina hesabu yake. Kama halijaandika popote, kwenye jedwali lako andika "haijulikani", usijaze kwa kukisia.

Majarida mengine yanakurahisishia. Hydrology and Earth System Sciences kwa mfano inaonyesha kwenye kila makala mgawanyo wa HTML, PDF na XML, na inatenganisha toleo la majadiliano, lile linalowekwa wazi likiwa bado linahakikiwa, na la mwisho. Kwa kazi ya mto mimi PDF naiangalia kwa makini zaidi. Mtu anayetaka kutumia milinganyo na majedwali yako anapakua, anaweka kwenye folda ya mradi, anarudi nayo miezi sita baadaye bila kugusa intaneti. HTML ina wapitaji wengi zaidi. Hii ni hukumu yangu tu lakini naisimamia.

Hatua ya 4: Nenda kwenye data, kaa hapo muda mrefu

Kama una muda wa hatua moja tu fanya hii. Makala ya haidroliki inaweza kusomwa na mtu yeyote mwenye hamu ya kujua, ila faili la sehemu mtambuka za mto au la jiometri ya HEC-RAS (programu ya modeli za mito) halipakuliwi na mtu asiye na kazi nalo.

Tuchukue Zenodo maana wengi tunaitumia, iko chini ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, na ni bure. Kila rekodi inaonyesha waliotazama na waliopakua, na ukibonyeza kuona zaidi unakuta hesabu ya jumla na ya kipekee. Jumla ya kupakua inahesabu kila faili. Ya kipekee inahesabu mtu mmoja kwenye rekodi moja ndani ya saa moja mara moja tu, hata akichukua mafaili yote.

Tuseme umeweka vipimo vyako kwenye mafaili 36, kila sehemu mtambuka faili lake. Akija mtu mmoja akachukua yote, jumla inapanda 36. Wakija 20 wa namna hiyo jumla inasoma 720 na ukurasa unapendeza kweli, lakini waliokuja ni 20. Mwenzako aliyefunga data zake zote kwenye zip moja, naye wakaja watu 20, kwake jumla inasoma 20. Ukilinganisha kwa jumla umemshinda mara 36, ukilinganisha kwa ya kipekee mko sawa. Tumia ya kipekee, kila siku, na andika kwenye ripoti kwamba umetumia ya kipekee.

Na usibadilishe namna ulivyofunga mafaili katikati ya njia bila kuandika tarehe. Ni sawasawa na kung'oa ubao wa kina na kuusimika sentimita 50 juu zaidi halafu unaendelea kusoma kama hakuna kilichotokea, mwaka ujao mtu atadhani mto umepungua.

Zenodo pia ina matoleo. Ukirekebisha kosa kwenye data na kupandisha toleo jipya, linapata DOI yake, na kuna DOI nyingine ya jumla inayobeba matoleo yote. Namba unaziona za toleo hilo na za matoleo yote pamoja. Zisome zote mbili, kwa sababu za pamoja zinakuambia kazi imefika wapi na za toleo moja moja zinakuambia jambo ambalo mimi linaniumiza kichwa zaidi: kuna watu bado wanachukua toleo la zamani lenye kosa? Kama wapo, rudi kwenye maelezo ya lile la zamani uandike wazi kabisa juu kwamba limerekebishwa na kosa lilikuwa wapi. Kina kilichokosewa kwa nusu mita kwenye sehemu mtambuka moja kinaweza kusogeza mstari wa mafuriko kwenye ramani ya mtu usiyemjua.

Hatua ya 5: Kaduara ka Altmetric

Kale kaduara ka rangi rangi ni ka kampuni ya Altmetric. Walianza 2011, mwaka mmoja hivi baada ya Jason Priem na wenzake watatu kutoa ile ilani ya vipimo mbadala (altmetrics), yaani kupima utafiti kwa zaidi ya kunukuliwa, Oktoba 2010. Wanafuatilia makala inapotajwa kwenye magazeti, blogu, nyaraka za sera, Wikipedia, hataza na mitandao ya kijamii, halafu wanatoa alama moja, ile iliyo katikati ya kaduara. Rangi zinakuambia imetoka wapi, nyekundu ni habari, njano ni blogu, zambarau ni nyaraka za sera.

Kitu cha kujua ni uzito. Kwa uzito wa msingi habari moja ya gazeti ina 8, blogu ina 5, waraka wa sera una 3, posti ya Facebook ina robo. Wikipedia ni 3 hata ukitajwa kwenye kurasa kumi. Sasa fikiria makala mbili. Ya kwanza imetokea kwenye vyombo vitano vya habari kwa sababu mto ulifurika wiki ileile ilipotoka, hapo tayari ni kama 40. Ya pili imetajwa kwenye nyaraka za sera za taasisi mbili na blogu moja ya wahandisi, hiyo ni 11. Kaduara ka kwanza ni kazito, ka pili kadogo. Kwa utafiti wa mto mimi ya pili ndo naipigia simu nyumbani kutangaza.

Simaanishi habari za magazeti hazina maana, zina maana sana pale unapotaka wananchi wajue kitu kuhusu mto wanaoishi kando yake. Ila alama imejumlisha vitu ambavyo wewe unavihitaji vikiwa mbalimbali. Kwahiyo bonyeza kaduara, ingia ndani, nakili kila fungu na idadi yake, halafu fungua kila kimoja na ukisome. Utakuta vingine ni habari ileile ya shirika moja imerudiwa neno kwa neno sehemu nyingi, andika kwamba chanzo ni kimoja.

Kabla hujatoka humo angalia linganisho. Altmetric wanaonyesha makala yako imesimama wapi ukilinganisha na nyingine za umri wake, yaani zilizotoka ndani ya wiki sita kabla au baada, na pia ndani ya jarida hilohilo. Linganisho la ndani ya jarida ndilo unalolihitaji. Kujilinganisha na makala zote duniani ni kujilinganisha na tiba na chanjo na sayari, vitu ambavyo magazeti yanavipenda kwa sababu zake. Na usilinganishe na makala za kabla ya 2011, ubao haukuwepo.

Hatua ya 6: Mendeley, haraka tu

Mendeley, programu ya kutunza marejeo, inaonyesha watu wangapi wameihifadhi makala yako kwenye maktaba zao, na inawagawa kwa kazi na fani pale walipojaza. Hawa hawaingii kwenye alama ya Altmetric hata kama wanaonekana ukurasa huohuo. Angalia fani. Ukikuta uhandisi na sayansi za dunia, sawa, ulitegemea. Ukikuta biolojia na mazingira, simama hapo kidogo, maana yake kuna watu wa samaki au mimea ya kingo wameona kitu kwenye kasi ya mkondo wako, na huenda hao ndo washirika wa mradi unaofuata.

Hatua ya 7: Kunukuliwa, na kusoma sentensi yenyewe

Chukua namba tatu: Google Scholar, Crossref na OpenAlex (orodha huru ya machapisho ya utafiti), zote bure. Hazitalingana na hilo ni kawaida. Scholar huwa juu kwa sababu inakusanya tasnifu, ripoti na karatasi za mikutano, vitu ambavyo kwenye haidroliki ndo vimebeba kazi nyingi ya kweli. Anayejua programu kidogo afungue api.crossref.org/works/ afuatishe na DOI yake, humo atafute is-referenced-by-count, ndo hesabu ya Crossref. OpenAlex wanatoa na mgawanyo wa mwaka kwa mwaka.

Lakini kazi haijaisha, sasa ndo inaanza. Weka tahadhari ya Scholar ikutumie barua pepe kila ukinukuliwa, na kila ikija fungua makala hiyo, tafuta jina lako, soma sentensi. Mimi nagawa mafungu manne kwenye jedwali: ametaja tu kwenye utangulizi pamoja na wengine, ametumia njia yangu, ametumia data zangu, au amepinga matokeo yangu. Fungu la nne usilifiche. Mtu aliyechukua muda kupima upya na kukuta mgawo wa ukwaruzo (namba ya jinsi sakafu na kingo zinavyokwamisha maji) tofauti na wako amekusoma kwa undani kuliko wote wa fungu la kwanza wakijumlishwa.

Na ukae ukijua kwamba kwenye fani yetu kazi inayotumika sana mwishowe inaacha kunukuliwa. Robert Manning, mhandisi wa Ireland, aliwasilisha fomula yake ya kasi ya maji 1889 ikachapishwa 1891, na leo kila modeli ya mto inauliza n, yaani huo mgawo wa ukwaruzo, ni ngapi, lakini ni makala ngapi umeziona zimeweka andiko lake kwenye marejeo? Chézy, Mfaransa mwenye fomula nyingine ya kasi ya maji, ni hivyohivyo, na yeye ni wa karne ya 18. Jina limebaki kwenye fomula, marejeo yamepotea. Kwahiyo ukiona mahali wametumia mlinganyo wako kwa jina bila kukunukuu, andika kwenye jedwali, piga skrinshoti, hiyo ni alama ya matumizi na hakuna ubao unaoihesabu.

Kuhusu muda, usikimbilie kuhukumu ndani ya miaka miwili. Kipimo cha athari cha majarida (impact factor) kinatazama miaka miwili, ila utafiti wa mto unasubiri mradi upate fedha, usanifu ufanyike, ripoti iandikwe, mtu apate nafasi ya kuchapisha. Shields alitoa kazi yake ya mchanga kuanza kusogea 1936 na bado mchoro wake unafunguliwa.

Hatua ya 8: Tafuta nyaraka za kazi

Hii haifanyiki kwa kubonyeza mara moja. Utafiti wa haidroliki unaishi kwenye miongozo ya usanifu, ripoti za mabonde, tathmini za mazingira, mipango ya tahadhari ya mafuriko. Mfano ninaoupenda ni wa kuchimbika kwa misingi ya nguzo za madaraja. Tarehe 5 Aprili 1987 daraja la Schoharie Creek jimbo la New York lilianguka baada ya maji ya mafuriko kuchimba chini ya nguzo, watu 10 wakafa. Baadaye mamlaka ya barabara kuu ya Marekani ikatoa mwongozo wa kutathmini kuchimbika kwenye madaraja, HEC-18, toleo la kwanza 1991 na la tano 2012. Mwongozo wa namna hiyo umejengwa juu ya majaribio ya maabara na vipimo vya watu wengi. Mlinganyo wako ukiingia humo, wahandisi wataufuata kwa miaka bila hata kufungua ukurasa wa makala yako, na namba za kutazamwa zitabaki kimya.

Jinsi ya kutafuta: andika kichwa cha makala ndani ya alama za kunukuu, ongeza filetype:pdf, ondoa tovuti ya jarida kwenye matokeo. Rudia kwa jina lako na jina la mto. Rudia kwa jina la rekodi ya data. Rudia kwa lugha zinazotumika kwenye nchi ambazo mto unapita, hii watu wanaisahau kabisa, ripoti ya bonde haiandikwi kwa lugha ya jarida. Kama taasisi yako inalipia Overton, wao wanakusanya nyaraka za sera na wanakuonyesha zilizokutaja, tumia, halafu bado fanya na utafutaji wa mkono kwa sababu ripoti nyingi za wahandisi washauri hazifiki huko. Na kama unawajua watu wa mamlaka ya maji husika, waulize kwa simu.

Hatua ya 9: Chora kama unavyochora mtiririko wa mto

Jumla ni kitu kibovu cha kuangalia, inapanda tu, haishuki hata makala ikifa. Soma namba siku moja kila mwezi, tarehe ileile, toa ya mwezi uliopita, upate ya mwezi huo. Chora. Utaona umbo unalolijua: kilele cha mwanzo, kushuka, halafu mtiririko wa msingi.

Tuseme miezi sita ya kwanza makala kamili imefunguliwa 310, 95, 18, 20, 17, 19. Jumla 479. Wastani ni karibu 80 kwa mwezi, lakini hakuna mwezi hata mmoja uliokuwa na 80, umeona? Zipange kwa ukubwa uchukue ya katikati, unapata kama 20. Hiyo 20 ndo mto wako wakati wa kiangazi, watu wanaokuja bila kuitwa na mtu, wanatafuta kitu na wanakifikia kwako. Ile 310 ni marafiki, wanafunzi wa chuo chako, posti ya taasisi, na wewe mwenyewe ulipokuwa unafungua kila asubuhi kuangalia.

Kwenye grafu hiyohiyo weka tarehe za matukio: mkutano, habari gazetini, mafuriko yaliyotokea mahali, toleo jipya la data. Mwezi wa tisa ukaruka hadi 140 na ukakuta wiki hiyo kulikuwa na mafuriko makubwa yanayozungumzwa, umeelewa kilele. Ukikuta hakuna tukio lolote, angalia nchi waliyotoka, kama karibu wote ni nchi moja na ndani ya saa chache shuku roboti iliyopita kwenye kichujio. Ukikuta kila mwaka wiki zilezile zinapanda kutoka nchi ileile, kuna uwezekano mkubwa mwalimu ameiweka kwenye somo lake, na hilo ni jambo la kumtafuta na kumshukuru. Ila nchi nazo usiziamini kupita kiasi, zinasomwa kwa anwani ya intaneti, na anayepitia VPN au seva ya chuo anaonekana pengine kabisa.

Hatua ya 10: Ukurasa wako mwenyewe, kama unao

Kama una ukurasa wa mradi weka alama za utm (maneno yanayoongezwa mwisho wa linki kuonyesha ilitumwa wapi) kwenye linki unazozituma sehemu tofauti, utajua nani ametoka kwenye barua pepe na nani kwenye mitandao. Kwenye Google Analytics 4 angalia vikao vyenye ushiriki, yaani vilivyozidi sekunde 10, au vyenye kurasa mbili na zaidi, au vyenye tendo ulilolitaja kuwa muhimu. Kupakua data lifanye kuwa tendo hilo. Sekunde 10 hazitoshi kusoma hata ikisiri ya haidroliki kwahiyo usiite hao wasomaji, waite waliosimama.

Hatua ya 11: Kuandika ripoti

Usitoe namba moja. Usijumlishe kutazamwa na kupakuliwa na kunukuliwa, ni kama kujumlisha mita na sekunde. Kila namba iwe na tarehe, chanzo na aina. Kwa mfano wetu aya ingekuwa hivi:

"Hadi tarehe ya kusoma, miezi 6 baada ya kuchapishwa, makala kamili imefunguliwa mara 479 kwa hesabu ya jarida, miezi miwili ya kwanza ikiwa na 405 kati ya hizo. Kuanzia mwezi wa tatu ni takriban 20 kwa mwezi. Data za sehemu mtambuka zimepakuliwa mara 20 kwa hesabu ya kipekee ya Zenodo. Makala imenukuliwa mara 4 kwenye Google Scholar, 3 ni kwenye utangulizi na 1 imetumia data zetu kusawazisha modeli ya mafuriko. Imetajwa kwenye ripoti moja ya bonde iliyopatikana kwa kutafuta kwa mkono. Faili lililosambaa kwa njia binafsi halijahesabiwa."

Mkubwa akikuambia punguza, ibaki alama tu, mwambie kwa heshima kwamba hata Azimio la San Francisco la 2013 kuhusu kutathmini utafiti linaomba kazi ipimwe kwa yaliyomo, isipimwe kwa kipimo cha jarida, na ilani ya Leiden ya 2015 kuhusu vipimo vya utafiti inaanza kwa kusema namba zisaidie hukumu ya wataalamu. Mara nyingi wanaelewa, hawakuwahi kuelezwa tu.

Na usijaribu kuzisukuma namba. Kununua posti, kuomba wanafunzi wabonyeze, kugawa data vipande vidogo ili jumla ipande, hayo yote yanaharibu ubao wako mwenyewe, halafu siku unataka kujua kwa dhati kama kuna mtu anatumia kazi yako huna tena pa kusomea.

Panga usomaji unaofuata: miezi 12, 24, halafu kila mwaka. Na yule mmoja aliyetumia data zako kusawazisha modeli mwandikie wiki hii, barua fupi, muulize n aliyoipata ilikuwa ngapi na kama kuna sehemu mtambuka ilimsumbua. Jibu lake liingize kwenye maelezo ya toleo linalofuata la data.